Nyekundu ya Mzee Pasikali

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya kijiji cha Kagerankanda, Kasulu. Shadia Mansuri, 27, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Mzee Pasikali, simu mkononi. Hajakaribishwa ndani, na sababu anaijua.

Shadia ndiye anayepanga vitufe na picha za huduma ya simu ambayo wakulima wa Kasulu na Kibondo huitumia kuita gari la kahawa. Anaifanyia kazi hiyo nyuma ya duka la baba yake mjini Kasulu, katikati ya madumu ya mafuta ya kula.

Msimu uliopita aliweka vitufe viwili tu, vikubwa, na maneno madogo ambayo wazee hawakuhangaika nayo. Kijani, njooni. Nyekundu, bado.

"Simu zote ziko hivyo," anasema akijicheka. "Nikaona nimemaliza."

Mzee Pasikali tangu utotoni anachuma kahawa nyekundu, iliyoiva, na kuacha ya kijani. Kahawa ilipoiva, akabonyeza nyekundu. Gari likaenda kwa jirani, aliyebonyeza kijani kwa kuwa kahawa yake ilikuwa mbichi kabisa. Magunia matano ya mzee yakachacha uani.

"Nilingoja kama mjinga," anasema kutoka ndani. "Na simu imenyamaza tu."

Kimya hicho kilimuuma Shadia kuliko hasara yenyewe. Sasa amezigeuza rangi, simu inajibu kwa sauti, kwa Kiha, lugha ya wenyeji, na aliyekosea anaweza kufuta. Lakini ushirika wa wakulima unaomlipa umemwambia wazi: wakulima wakiikwepa tena msimu huu, huduma inafungwa, na kazi yake inakwisha.

"Baba, jaribu mara moja tu," anamwomba mzee.

Mzee anatoka, anaguna, anabonyeza nyekundu. Simu inasema kwa Kiha: "Tumekusikia. Gari linakuja Alhamisi. Usiende kuzurura."

Anaitazama simu, kisha anageukia jikoni. Sauti ni ya mkewe, Mama Niyomwungere, aliyerekodiwa wiki iliyopita bila mzee kuambiwa. Mama anaendelea kuchambua maharage, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Ingia, mwana wanje," mzee anamwambia Shadia, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Uji unapoa." Halafu anamwita jirani alete simu yake.

Shadia anataka kuwafikia wakulima wa Mabamba, kule Kibondo, kabla mavuno hayajaisha. Mzee ameahidi kumsindikiza, kwa sharti moja.

"Huko atafute sauti ya mke wa mtu mwingine," anasema. "Huyu aniamrishe mimi tu."