Muuza kanda wa Kiboriloni na hukumu moja ya uongo

Saa tatu asubuhi, soko la Kiboriloni limeshajaa marobota ya mitumba na kelele za wanaoyafungua, na Mektrida Basili anamkataza mteja kununua.

Mteja ni Mzee Kornel, mkulima wa mpunga kutoka Chekereni. Ana ubatizo wa mjukuu Jumapili, anataka kanda ya dansi, na pesa ameshazitoa mfukoni. Mektrida hazipokei. Anamvalisha hedifoni, anabonyeza redio kaseti, anasubiri uso wa mzee ubadilike.

“Umesikia hapo?” anamuuliza. “Upande A mtacheza. Upande B wanajaza nafasi tu, wageni watakaa chini. Chukua hii ya zamani, Mzee. Ni ya bei ndogo na watu watacheza mpaka pilau ipoe.”

Mzee anaondoka na kanda ya bei ndogo. Mektrida anachukua kalamu, anairudisha mwanzo ile iliyokataliwa kwa kuizungusha, ili asimalize betri.

Hivyo ndivyo mama huyu wa miaka 44 anavyofanya biashara, na waliodhani atafunga banda mwaka wa kwanza bado wanangoja. Nyuma yake umening'inia ubao mweusi, na kila wiki anaandika hapo kwa chaki anachofikiri kuhusu albamu mpya. Wiki hii taarab moja imepata “maneno makali, kinanda kimezidi chumvi.” Ya Bongo Fleva: “Kijana ana ujumbe, pumzi hana.” Ya rege: “Nzuri, ila nyimbo nne ni wimbo mmoja.”

Kanda moja anaiuza shilingi 1,200, na siku njema ya gulio anauza ishirini na tano. Alianza mwaka 1996, baada ya bei ya kahawa kuanguka na mumewe kung'oa nusu ya mibuni yao ya Shirimatunda ili apande nyanya. Mtaji ulikuwa kanda thelathini, pamoja na masikio yaliyolelewa kwenye kwaya.

“Wengine wanauza kanda kama viazi, kilo ni kilo,” anasema. “Mimi nasema ukweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.”

Hasemi hivyo kwa mdomo tu. Shemeji yake Gidioni aliporekodi na bendi yake, alileta kanda kumi akitarajia undugu umfae. Mektrida aliandika ubaoni: “Hii ni ya shemeji yangu. Msinunue.” Gidioni hakukanyaga kwake Krismasi nzima, na watu wakazidi kuja kumsikiliza mama asiyemwonea aibu hata ndugu.

Ila kuna kanda moja aliyoisemea uongo, na hiyo ndiyo iliyomfanya akubali kuzungumza na gazeti hili.

Kwa miaka kumi na tisa Mektrida aliimba solo katika kwaya ya kigango chao. Pembeni yake alisimama Salvina Jacob, rafiki yake tangu Kibosho walikozaliwa. Walikata majani ya ng'ombe pamoja, wakaolewa Shirimatunda mwaka mmoja, wakashona sare za kwaya kwa fundi mmoja. Solo ilikuwa ya Mektrida. Salvina alimwitikia, na hakuna aliyeona kasoro katika mpango huo, Mektrida akiwa wa kwanza.

Mwaka 1997 kwaya iliamua kujiandaa kurekodi. Mwalimu wa kwaya, Remigius, aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema solo za kanda ataimba Salvina. Mektrida alikunja sare yake, akaiweka juu ya benchi, akatoka.

Tangu siku hiyo anasali misa ya kwanza. Kwaya inaimba misa ya pili.

“Sikumchukia,” anasema, halafu anajisahihisha mwenyewe. “Nilimchukia kidogo. Zaidi nilichukia kwamba anaweza.”

Wivu huo alikula nao na kulala nao. Kanga zinasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mektrida hakukonda, alinenepa, na kila alipokutana na Salvina kisimani alimsifia kitenge ili asije akaulizwa habari za kwaya. Akisikia mtu anasema Mama Monica ameimba vizuri jana, anasukuma sahani kando. Mama Monica ndiye Salvina.

Kanda ilitoka Juni mwaka jana. Remigius aliibeba mwenyewe mpaka Kiboriloni, nakala hamsini ndani ya boksi la biskuti, kwa sababu kila mtu anajua kwamba neno la Mektrida ndilo linalouza. Akakaa kwenye kibao, akamwomba asikilize.

Mektrida alivaa hedifoni. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, alikuwa ameshajua. Sauti ya Salvina ilipanda bila kusukumwa, ikakaa juu, ikashuka ilipotaka yenyewe.

“Mwili wote ulinisisimka,” anasema. “Nikatamani redio iungue.”

Remigius alipoondoka, akashika chaki. Aliandika: “Kwaya imejitahidi. Sauti ya solo imechoka.”

Watu waliusoma ubao na kuuamini, kama walivyozoea. Kanda sita tu ziliuzwa. Zilizobaki zilikaa ndani ya boksi mpaka Novemba, Remigius alipokuja kuzichukua. Hakumlaumu. Alimweleza habari za kigango, jinsi mavuno ya ndizi yalivyokuwa, nani amefiwa, na katikati ya habari hizo akagusia kwamba Salvina ameacha kuimba solo. Sasa anasimama mstari wa nyuma na kufumbua mdomo tu. Wenzake walimsihi, akakataa.

Remigius alimnukuu neno kwa neno. Salvina alisema: “Mektrida hajawahi kumdanganya mtu. Alimkatalia hata shemeji yake. Akisema imechoka, imechoka.”

Mektrida anasimulia hapo akiangalia kanda zake, si mwandishi. Angepona, anasema, kama Salvina angemtukana, au angemwita mwenye kijicho mbele ya soko zima. Badala yake alimwamini, na hata katika kuumia akamshinda.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikaa sebuleni na nakala moja ya kanda ile, aliyoibakiza. Aliisikiliza mara nne, akitafuta kosa kama mtu anayechambua maharage. Alilitaka sana hilo kosa, kwani lingemfanya awe amesema kweli kwa bahati. Hakulipata.

Ndipo akamwambia mumewe. Basili, mtu wa maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka nje na kurudi na jani la isale alilolikata kwenye ua wa mpaka. Kwa Wachagga mambo yako wazi: ukipelekewa isale, unasamehe, hata kama umeumizwa vipi.

“Mpelekee kesho,” Basili alimwambia. “Hawezi kukataa.”

Jani lilikauka juu ya kabati. Mektrida hakulipeleka, na Basili anafikiri ni kiburi. Yeye anasema alikaa akafikiri.

“Isale litamlazimisha anisamehe. Halitamlazimisha aamini sauti yake. Nikienda kwake na jani mkononi nikamwambia unaimba vizuri, atasema huyu ananihurumia.”

Kwa nini basi asifute ubao na kuandika upya? Alijaribu. Mwezi uliopita aliandika: “Kanda ya kigango ni nzuri, nilikosea.” Wateja walicheka. Mmoja, konda wa magari ya Marangu, alimwuliza amepewa shilingi ngapi na padri. Habari zilipofika Shirimatunda, Salvina alisema Mama Julius, yaani Mektrida, ana moyo mzuri, na akabaki mstari wa nyuma.

Sasa Mektrida anajua kwamba kusema amekosea hakutoshi. Inabidi aseme kwa nini, na akilisema hilo, anaweza kupoteza kitu pekee kinachomtofautisha na wauza viazi. Nani atauamini ubao wa mtu aliyeandika kwa wivu? Amelipima jambo hilo tangu Novemba. Basili amemwonya kwamba watoto wanasomeshwa na banda lile.

Anazima redio. Kwaresima inaanza wiki ijayo, na kwaya imeshaanza mazoezi ya Pasaka bila mwimba solo. Mpango wake ni Salvina aimbe usiku wa Pasaka, naye aende misa hiyo, akae mbele, asikie.

“Andika kwamba nilidanganya,” anamwambia mwandishi, polepole, akihakikisha kalamu inamfuata. “Andika kwamba kanda ni nzuri pande zote mbili, na pale anapopanda kwenye wimbo wa kwanza, mimi sijawahi kufika, hata nilipokuwa msichana. Jina langu liweke kamili.”

Kalamu inasimama. Mektrida anaitazama.

“Na andika kwamba wivu ninao mpaka leo. Akisoma hapo, na hayo mengine atayaamini.”