Seva Ilipohama, Ruhusa Ikabaki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wala si ya zamani, tulikuwa watano. Mimi, wifi yangu Hadija, dada wa marehemu mume wangu, kalala kitandani anasubiri kupasuliwa tumbo, Dokta Sinda wa kumpasua, mjukuu wangu Yusta, mtoto wa binti yangu Raheli, ambaye ni fundi wa kompyuta pale hospitali, na mkubwa wake, Bwana Festo, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku kwetu Kigoma. Hospitali siitaji, ya nini?

Dokta anataka majibu ya damu ya Hadija. Anabonyeza, kompyuta inamjibu: huna ruhusa. Anabonyeza tena. Huna ruhusa. Bila majibu, hapasui. Na Hadija anaugulia, "Wifi, maumivu haya, na njaa juu yake!"

Nikamfuata Yusta hadi chumba chao cha mashine. Akanieleza huku vidole vinakimbia: kuna mashine kubwa, seva, inayobeba ndani yake mashine nyingine zisizoshikika kwa mkono. Siku hiyo ilikuwa kwenye matengenezo, basi Bwana Festo alizihamishia zile za ndani kwenye seva ya pili. Majibu yapo salama. Kuyaona ndiyo shida.

"Mbona kwangu yanafunguka?" akasema Bwana Festo, kifua mbele.

"Basi kampasue wewe!" Nilishachoka, mwanangu.

"Shikamoo bibi, lakini..."

"Marahaba. Kampasue."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Yusta akamwambia, "Bosi, wewe una ruhusa zote, huwezi kuliona tatizo. Tujaribu kwa jina la daktari."

"Tunapoteza muda. Wape wote ruhusa kama zangu, yaishe!"

"Hata wa mapokezi aweze kufuta majibu ya maabara?"

Mie nikamkumbuka mama yangu mdogo, Nyanzobe, aliyeanika dagaa ufukweni Katonga nikiwa msichana. Ziwa lilipopanda, kaka yangu Gwasa akawabeba dagaa wote hadi mchanga wa juu. Mwenye mchanga akatukataza hata kuwageuza: "Nani kawaruhusu?" Kule chini tulijulikana, huku juu hakuna aliyetutaja. Dagaa wakaanza kunuka. Mama mdogo akamfokea Gwasa: "Yewe! Samaki umewahamisha, neno la ruhusa umeliacha chini?"

Yusta, aliyekuwa akijaribu kwa jina la daktari, akapiga meza. "Nimeiona! Ruhusa za madaktari zilifungwa kwenye seva ya kwanza peke yake." Akaziweka upya mahali panaposhika seva zote mbili, akampigia Dokta ajaribu mwenyewe. Yakafunguka. Hadija akaingizwa kupasuliwa, na leo anakula samaki migebuka kunishinda mimi mzima.

Mwanangu unayeshika milango ya wengine, kabla ya kuhamisha kitu uliza nani hukitumia na ruhusa yake imefungwa wapi. Ukimaliza, usijaribu kwa jina lako. Jaribu kwa jina la yule anayekihitaji. Na uchovu usikufanye ugawe kila ufunguo kwa kila mkono. Leo utapumzika, kesho utawatafuta walioharibu usiwaone.

Mungu akupe subira na macho ya kuona kasoro mapema, mgonjwa wa mtu asiteseke mlangoni pako. Nanyi mliokuwepo, kama nimekosea jina au neno, nisahihisheni. Lakini lile la "kampasue" nililisema, tena mara mbili.