Nilishuhudia Uongo Kanisani, Jirani Akapoteza Viazi

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilidanganya mbele ya madhabahu, kipaza sauti mkononi!

Sisi ni wakulima wa viazi huku Keringet. Kanisani kwetu kila Jumapili kuna ushuhuda. Pasta alianza kusema asiye na ushuhuda anaficha dhambi, nami nikaona macho yote yananigeukia. Labda hayakunigeukia. Nilisimama, nikasema ugonjwa wa ukungu umelipita shamba langu bila dawa, kwa maji ya maombi tu. Nikalia hata. Vigelegele!

Kumbe mume wangu alikuwa amepiga dawa mara tatu, na maji ya pampu nilimchotea mimi mwenyewe.

Jirani yangu, mjane tunayepakana naye, aliniamini. Aliweka pampu yake kando, akanyunyiza maji ya maombi. Ikaja mvua na baridi, na baada ya wiki mbili shamba lake lote lilikuwa jeusi, linanuka. Viazi ndivyo chakula chake. Jamani, nimefanya nini!

Nilimwendea na pakiti tupu za dawa, nikazimwaga miguuni pake, nikamweleza yote.

Hakuziangalia mara mbili. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nilidanganya, mama."

"Ulilia wewe. Mtu hawezi lia hivyo na ni uongo. Hizi ni za season ingine."

"Ni za juzi! Uliza mzee wangu."

Alizisukuma pakiti kwa mguu. "Kama imani yangu ilikuwa kidogo, hiyo naweza ongeza. Lakini kama nilidanganywa, hiyo nitaipeleka wapi?"

Niliziokota pakiti zangu, nikarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo ananishuku. Kijia cha kati yetu amekiziba kwa miiba, na maziwa yangu hayataki. Nami nimeharibika. Mtu akisimama kushuhudia kwamba amepona, namkagua kuanzia viatu, natafuta dawa yake ameificha wapi. Hata maombi yangu mwenyewe nayashuku!

Msimu huu amepanda tena, na bado hapigi dawa. Jumapili iliyopita alisimama kuniombea mimi, eti shetani ameniteka nipinge muujiza wangu mwenyewe. Kanisa zima likaitikia amina.

Ndugu yangu unayejiandaa kushuhudia, sema ulichokiona tu. Ukidanganya wakakuamini, siku utakayotaka kusema kweli watakuombea upone.