Mlinda Mlango na Suruali ya Baba

Wakati sisi tuko wadogo kule milimani juu ya Mwatate, nyani walijua kumtofautisha mwanamume na msichana. Mwanamume akitokea shambani, wanakimbia. Msichana akitokea, wanaendelea kuvunja mahindi huku wakimwangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndiyo maana mimi na dada yangu Mghoi tulikuwa tunavaa suruali za baba, tumezikunja na kuzifunga kwa kamba ya katani, na kofia juu. Waliowahi kulinda mahindi wananielewa. Mpaka leo nikionja kimanga cha mama, ile mihogo na maharagwe iliyopondwa pamoja, tuliyokuwa tukiletewa shambani ingali moto, naisikia suruali ile ikiniteremka.

Huko ndiko nilikosoma kitabu cha kwanza cha Nadika, nilichoazimwa na mwalimu kikiwa hakina jalada. Mimi nasoma kwa sauti, Mghoi ameshika kombeo, macho kwenye vichaka, masikio kwangu. Nadika ni msichana anayekimbia majitu ya ukungu, na sisi ukungu tulikuwa nao kila asubuhi, kwa hivyo hatukuhitaji kuchorewa picha. Mghoi aliuliza kama hayo majitu nayo yanaogopa suruali.

Mwishoni Nadika anafika kwenye mlango wa jiwe ndani ya mlima. Mlango wenyewe haukai wazi mpaka mtu aushikilie kutoka ndani. Mzee Tumo, mlinda mlango, anaweka bega lake na kumwambia, "Wewe pita. Mimi nitabaki." Kitabu kikaishia hapo. Nililia mpaka nyani wakajipatia mahindi bila jasho. Mama alitugombeza, akauliza inakuwaje tunamlilia mtu wa karatasi na ugali wetu unaliwa. Lakini Mghoi aliniambia chini chini, "Nadika atarudi. Kuna cha pili."

Cha pili hatukukipata. Halafu karo ikatosha mtoto mmoja tu, na Mghoi, ambaye ndiye mkubwa, akasema niende mimi sekondari, yeye abaki na nyani. Alisema akicheka, amejifunga suruali ya baba vizuri, na mimi nikaondoka nikicheka pia. Sasa ameolewa Kishushe, ambako gari likipita ni habari.

Juzi, hapa Voi, nikakiona hicho cha pili kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia karibu na stendi. Nilifika nacho nyumbani nikashindwa kukifungua. Kama Tumo amekufa, nitamwambia nini Mghoi?

Jamani, kitabu ni kizuri. Kweli, katikati kuna wafalme wanaokaa kikao kirefu kuliko baraza la chifu, na ile ramani ya mbele sikuielewa. Lakini huyo mwandishi anajua watu. Nadika amekuwa mkubwa, amesoma, ana jina lake mjini, na kila akilala anausikia ule mlango. Mwishowe anaacha kila kitu, anarudi mlimani. Tumo yuko palepale, nywele nyeupe, bega limeacha alama kwenye jiwe. Hakuna vita wala uchawi. Nadika anaweka bega lake kando ya la mzee na kusema, "Sasa keti wewe."

Nilifunga kitabu, nikaitafuta simu.

Vijana wa siku hizi, akina mdogo wetu wa mwisho, wangeuliza simu mwisho wake papo hapo, kisha waendelee na video za watu wanaoteleza. Siwalaumu. Ila hawajui utamu wa kubeba swali mpaka likue pamoja na wewe.

Nilipompigia Mghoi ilibidi apande mwamba kutafuta netiwaki. Nilipotaja kitabu, hata salamu hakuzimaliza. "Alirudi?"

Nikamwambia sisemi, nakuja nacho Jumamosi. Akacheka, akasema basi nijipange, maana mahindi yake yamekomaa na nyani wa kwao hawana adabu hata kidogo.

Kwa hivyo nimemwomba baba suruali. Zamani nilikuwa naikunja mpaka inakuwa mzigo. Leo nimeijaribu, imenitosha kabisa. Safari hii asome yeye, mimi nilinde.