Mkoba Hurudi kwa Aliyeushona

Usiku ule nililala na udhu, jambo ambalo, Mungu anisamehe, silifanyi kila siku. Nilikuwa nimetoka kwenye hitima ya Fundi Makame, mwalimu wangu wa kazi ya ngozi, aliyefariki mwaka mmoja nyuma. Watu walikuja wachache na pilau ikabaki nyingi. Majirani wakasema ni mvua. Mimi nilijua sababu, maana sababu nilikuwa mimi.

Fundi alikuwa na kibanda chake Ng'ambo, hapa Unguja, akishona viatu vya makubadhi, mikoba na matandiko ya punda wa kukokota magari. Nilikwenda kwake baada ya kuachwa na mume, nami nikiwa mtu mzima mwenye ulimi mrefu na mikono isiyojua kitu. Alinipokea hivyo hivyo.

Alikuwa na kitabu kimoja cha picha, alichopewa na mama mmoja wa Kifaransa aliyekuja kushonewa mkanda uliokatika. Kilieleza historia ya nyumba moja ya biashara ya Paris ambayo mikoba yake siku hizi inabebwa na matajiri wa dunia. Fundi hakujua Kifaransa. Mama yule alimweleza picha moja moja kwa Kiswahili cha kuungaunga, na Fundi akanisimulia mimi, kila mara akiongeza chumvi yake. Mwanzilishi alikuwa yatima aliyeshona hatamu za farasi. Mwanawe akaongeza matandiko. Mjukuu alipoona motokaa zinawafukuza farasi barabarani, hakukaa akalia. Alileta zipu kutoka nchi za mbali, akashona mikoba ya safari, na baadaye wakauza hata mitandio ya hariri.

"Kaanza na wanyama kama mimi," Fundi alikuwa akisema. "Ila yeye farasi, mimi punda."

Alichokipenda zaidi ni desturi yao. Mkoba mmoja hushonwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, na ndani huwekwa alama ya fundi wake. Ukiharibika, hata ipite miaka, hurudishwa kwa mkono ule ule. Fundi naye akajiwekea alama, vitundu vitatu chini ya kifuniko. Mimi aliniambia nichague yangu. Nikacheka, nikasema nitachagua nikiwa Paris.

Basi usiku ule wa hitima namwona amesimama mlangoni kwangu, kanzu safi, miwani yake ile ile iliyofungwa uzi. Hakunisalimu. Aligeuka, nami nikamfuata. Tulipita uchochoroni, tukakata kona ya muuza kahawa, na pale penye kibanda chake pana mlango mrefu wa kioo, nje wamefungwa farasi wawili. Hilo halikunishangaza. Nilichoshangaa ni kumwona punda wa jirani katikati yao, kanyoosha shingo kama ndiye mwenye nyumba.

Ndani ni mchana mweupe. Chumba ni kikubwa, madirisha mapana, lakini harufu ni ile ile ya kibandani, ngozi na nta. Mafundi wamekaa safu kwa safu, kila mmoja na sindano zake mbili, wala hapana anayesema. Ninapopita, hatamu za ukutani zinageuka mikanda ya mikoba, na mikanda inageuka mitandio ya hariri inayopepea. Mwishoni ameketi mzee mwenye ndevu nyeupe na aproni ya ngozi, na bila kuambiwa najua kuwa ndiye yule yatima wa kitabuni.

Ananyanyua mkoba unaochuruzika maji ya tope.

"Nani kaushona huu?" anauliza, kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Niliujua kabla hajaugeuza. Ulikuwa mkoba wa Bi Zuhura, mkunga wa mtaa wetu. Alimwagizia Fundi, lakini Fundi akaitwa msibani Pemba, akaniachia mimi niushone kwa mkono kama alivyonifundisha. Wiki ile binti wa mjomba wangu alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa na hina ya kupakwa. Nikaazima cherehani ya jirani, nikaumaliza kabla ya alasiri. Kisha nikatoboa vitundu vitatu chini ya kifuniko, alama ya Fundi, nikamkabidhi Bi Zuhura, nikaenda zangu harusini.

Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, uliobaki wote hufuata. Mkanda ulifumuka wakati wa masika, Bi Zuhura akiwahi kwa mzazi, na vifaa vyake vyote vikaingia mtaroni. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini mama yake aliteseka kumsubiri mkunga. Kesho yake Bi Zuhura alimjia Fundi barazani kwa muuza kahawa, watu wamejaa, akamwita mwizi. Fundi aliutazama mshono. Akatazama vitundu vitatu. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama na kikombe mkononi.

"Kosa langu, Bi Zuhura," alisema. "Niachie."

Aliushona upya kwa siku tatu, na macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Sikusema kitu, naye hakuniuliza kitu. Habari ikaenea kwamba mkono wa Fundi umekwisha, wateja wakapungua, na kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia. Nilikuwa sokoni siku aliyokufa. Najuta, na majuto yangu hayamfai chochote.

Sasa katika chumba kile cha Paris yatima ameuinua mkoba, mafundi wote wameweka sindano chini, na Fundi Makame anasimama.

"Wangu," anasema.

Fundi anaketi, anaupakata mkoba, anaanza kushona. Sindano moja inakwenda, nyingine inarudi. Anafika mwisho wa mkanda, anakata uzi, na kule mwanzo mshono unaanza kufumuka wenyewe. Haguni. Anaanza tena. Namwona anafika mwisho mara nyingine, na tena, na vidole vyake vimechubuka. Ndipo sauti ikanitoka.

"Fundi, pumzika basi."

Akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nitapumzikaje, Salama, na kazi yako ingali mikononi mwangu?"

Akaninyooshea sindano zote mbili. Nikanyoosha mkono kuzipokea, na mkono wangu ukagusa ukuta wa chumbani kwangu. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaadhiniwa, na mto ulikuwa umelowa.

Niliswali, kisha nikaenda kwa Bi Zuhura kabla sijanywa hata chai. Alifungua mlango akijifunga kanga.

"Kuna nini? Nani anazaa?"

"Hakuna anayezaa, Bi Zuhura. Shikamoo. Ule mkoba wako niliushona mimi. Kwa cherehani. Nikatia alama ya Fundi."

Akaingia ndani, akatoka na mkoba wenyewe, akainua kifuniko akavitazama vile vitundu vitatu.

"Mimi nilimwita mwizi mbele za watu," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema akiwa hai?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu tangu utotoni mwangu, kila mtu wa mtaa anajua. Pale nililia tu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema Bi Zuhura. "Na mimi jana nimekataa kwenda kwenye hitima yake."

Alivaa buibui lake, akanisukumia mkoba kifuani.

"Beba. Twende pale pale nilipomtukana. Saa hizi baraza imeshajaa. Wewe utasema, na mimi nitamwomba radhi."

Niliutia begani nikatangulia. Mkanda alioushona Fundi kwa macho yake mabovu ulishika imara njia nzima.