Nilivyomzika Papa Bagalwa Mbele ya Macho Yake

Ndugu zangu, kuna aibu ambazo mtu huzisahau na watu nao humsaidia kuzisahau, lakini hii yangu haikupata msaada huo, maana hata leo nikishuka kwenye boti kule kisiwani Idjwi akina mama wanaanza kucheka kabla mguu wangu haujagusa nchi kavu, kwa hiyo ni afadhali niwasimulie mimi mwenyewe kuliko muisikie kwao (wao huongeza chumvi, na Mungu anajua chumvi haikupungua).

Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, nami nilikuwa katekista hapa Kadutu, mjini Bukavu, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya kaseti za rege. Si zile za sokoni, hizo kila kinyozi wa Bukavu alikuwa nazo. Mimi nilitafuta zile ambazo hazikutolewa kamwe, wimbo uliorekodiwa ukaachwa studio, mazoezi ya kikundi, mwimbaji anakosea, anakohoa, anaomba maji, anaanza upya. Madereva wa malori waliniletea moja moja kutoka Bujumbura na Mombasa. Watu waliniuliza katekista na rege wapi na wapi, nami niliwajibu kwamba nusu ya nyimbo za wale Wajamaika ni zaburi, na mtu anayeimba zaburi huku akikohoa yuko karibu nasi zaidi kuliko yule aliyesafishwa sauti na mashine. Padri wetu alitabasamu tu. Mke wangu hakutabasamu.

Basi siku moja mwendesha boti mmoja akaniletea habari za mzee wa Idjwi, Papa Bagalwa, ambaye zamani alikuwa mpishi katika meli iliyotokea Matadi, akafika mpaka Jamaika, na huko fundi mmoja wa studio, kwa kupenda maharage yake, akampa kaseti ya kikundi kilichovunjika kabla ya kutoa santuri hata moja. Kaseti moja tu, duniani kote hakuna nyingine! Mimi na huyo mzee tukawa tunasalimiana kwa mdomo wa mwendesha boti bila kuonana uso kwa uso, mpaka aliponitumia neno: "Ambia katekista akuje na radio yake, nitamupa anakili."

Jumamosi iliyofuata nilimaliza kwa mbio salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, nikavaa abakosti yangu safi, lile koti letu la heshima, na rosari shingoni, nikatia mawe mapya, yaani betri, kwenye radio, nikaifunga ndani ya kitenge cha mke wangu.

"Papa," akaniambia mlangoni, "batu banaenda Idjwi kuleta mananasi. Weye unaenda kuleta makelele?"

"Maman, ni zaburi."

"Zaburi gani iko na ngoma namna ile?"

Nilipofika ufukoni nikamkuta mama mmoja anasugua sufuria, nikamwuliza kwa Papa Bagalwa ni wapi. Akaitazama rosari yangu, akaweka sufuria chini.

"Aah, papa! Habari ilifika mpaka Bukavu? Kule kwa Papa Bagalwa iko kilio. Tulizika jana."

Nilimhurumia yule mzee ambaye sikuwahi kumwona, kweli nilimhurumia, lakini sitawaficha kwamba huruma ilikuja ya pili, ya kwanza ilikuwa kaseti. Na hapo ndipo palipokuwa na ule uamuzi mdogo. Ningeweza kusema nimekuja kwa jambo jingine. Ningeweza kuuliza, "Ni nani aliyekufa?" Lakini kwetu, mgeni aliyevaa rosari akifika kilioni na kuuliza ni nani aliyekufa, watu wanajua amefuata sahani. Kwa hiyo nilisema tu, "Poleni sana, maman," na mengine yote aliyafanya yeye, kwa sababu alinishika mkono akapanda nami kilima huku akipaza sauti, "Parokia ya Bukavu imetuma mutu! Imetuma mutu!"

Watu wakasimama kunipokea. Nikapewa kiti cha mbele, karibu na mzee mmoja aliyejifunika blanketi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akanipa mikono yake yote miwili. Nikajiambia, huyu atakuwa kaka wa marehemu, tazama alivyovunjika. Radio yangu nikaificha chini ya kiti. Wakaimba, wakasali, kisha mkubwa wa kanisa la pale akasema, "Sasa mujumbe wa Bukavu atupe neno la faraja."

Nikasimama. Mnajua nilivyo nikipewa nafasi ya kusema.

"Marehemu alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa," nikaanza.

"Njo vile!" wakaitikia.

"Alipika, akalisha wageni na maskini, hakuna aliyeondoka kwake na njaa."

"Kweli kabisa, papa!" Mama mmoja akafuta machozi, nami nikatiwa moyo, nikaona Roho ananiongoza.

"Alipika mpaka ndani ya meli, katikati ya bahari, mawimbi yakipiga!"

Nyuma mtu akauliza polepole, "Meli gani?" Nikadhani ni huzuni inamsumbua, nikaongeza sauti.

"Kule Jamaika, wale vijana wenye nywele za kusokota walikaa chini wakingoja sufuria yake!"

"Koko?" akasema bibi kizee mmoja asiye na meno, aliyekaa kwenye mkeka. "Koko hakuvuka hata mpaka Minova!"

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona kaseti yangu ikirithiwa na watu wasiojua thamani yake, ikirekodiwa juu yake matangazo ya mpira, kwa hiyo nikamalizia kwa nguvu, "Na mimi marehemu aliniahidi kaseti, ndugu zangu. Natumaini watoto wake hawataacha neno lake lianguke chini!"

Yule mzee wa blanketi akasimama taratibu, akavua kofia.

"Papa katekista," akasema, "ile kaseti ni miye nilikuahidi. Na miye haiko maiti. Mwenye kufa ni mama yangu, Koko wa hawa batoto bote."

Kama ziwa Kivu lingepanda kilima dakika ile ningelishukuru. Kisha yule bibi wa mkekani, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo wa marehemu, akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe! "Dada yangu!" akasema. "Dada yangu na bale ba nywele!" Akacheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, na kilio kizima kikamfuata, hata mkubwa wa kanisa akageuka akaushika mti. Mimi nimesimama katikati, na abakosti yangu.

"Keti, papa," Papa Bagalwa akaniambia huku akifuta macho. "Tangu juzi hapa hakuna mwenye alicheka."

Lakini kaseti sikuipata. Ilikuwepo ndani ya nyumba, hatua chache tu kutoka kitini pangu, ila muziki haulii katika nyumba ya kilio mpaka kilio kiondolewe, na wakati ule kunakili kulikuwa ni kuweka radio mbili zitazamane, moja ipige kwa sauti na nyingine isikilize. Nikarudi Kadutu na mananasi, mke wangu akafurahi sana. Mimi nilingoja na kusali, nikiwa na hakika kwamba mtu niliyemzika mzima mbele ya ukoo wake hatanikumbuka kwa wema. Zilipita wiki nyingi ndipo mwendesha boti akaniletea neno: "Papa Bagalwa anasema, mwenye alimuzika akuje."

Tukaweka radio mbili juu ya benchi uani, na watu wote wakaombwa kunyamaza. Kikundi kile kilianza, besi ikatembea kama mtu anayepanda mlima bila haraka, mwimbaji akaingia na zaburi yake, nami nikafumba macho nikamshukuru Muumba. Ndipo jogoo akawika. Na yule bibi asiye na meno akaita kutoka jikoni, "Muzikaji! Chai iko tayari!" Yote yakaingia kwenye kaseti yangu, na mawe ya radio yalikuwa yamekwisha, hatukuweza kurudia.

Nilisikitika, nakiri. Lakini miaka ilivyopita unyevu uliila kaseti ya Idjwi ikashikana yote, na bibi naye akaitwa na Bwana. Papa Bagalwa akaja Kadutu, akaketi sebuleni kwangu, nikampigia ile yangu. Besi ilipita, zaburi ikapita. Sauti ya jikoni ilipoita, akaninyooshea mkono.

"Rudisha pale," akasema.

Nikarudisha. Tukasikiliza pale tu, tena na tena, mpaka mke wangu mwenyewe akaja akaketi nasi.

Kwa hiyo mimi sina deni na Mungu, amenipa zaidi ya nilichokwenda kutafuta. Ila niliapa na bado naapa: nikifika kilioni, kwanza nauliza jina la marehemu, na nikiombwa neno la faraja naongoza Baba Yetu, nakaa chini.