Mnazi wa Dhahabu Kwenye Kamba ya Nguo

Hata leo nikiona mnazi uliochorwa kwa rangi ya dhahabu, damu hunichemka. Najua mti hauna kosa. Wenye makosa ni watu.

Bendi moja ya roki kutoka bara ilikuwa ikizunguka nchi, na kila mji walimtafuta msanii wa hapo hapo awachoree bango la tamasha. Si mabango ya kubandikwa kwenye nguzo za stima yakalowa mvua. Haya yalichapwa kwa mkono kwenye karatasi nzito, nakala chache, kila moja na namba yake na sahihi ya msanii kwa penseli. Zikiisha, basi; fremu za kuchapia huoshwa, hakuna kurudia. Wapo mashabiki wanaoifuata bendi mji hadi mji kwa ajili ya karatasi hizo tu. Kwa Mombasa walinichagua mimi, ninayechapa vitambaa na kadi za harusi katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yangu mdogo, Mji wa Kale.

Nilichora ninachokiona nikiinua kichwa mlangoni: nyumba mbili zinazotazamana, kamba za nguo zimevutwa kutoka dirisha hadi dirisha, na mkono wa mwanamke unaanika leso. Kamba nilizikaza kama nyuzi za gitaa, na vidole vya yule mwanamke vikawa kama vinazipiga. Juu yake niliacha karatasi nyeupe, bila kitu. Ule weupe ndio uliokuwa kazi yenyewe. Sisi wa vichochoroni mbingu yetu ni utepe mwembamba, na niliutaka ubaki mtupu.

Mkono ulikuwa wa mama mdogo.

"Mkono chora," aliniambia, "uso wangu uwache."

Nilipomwonyesha picha akazihesabu kamba kwa kidole. "Kamba zangu ni tatu. Hizi nyingine umezitoa wapi?"

"Gitaa lina nyuzi sita, mama."

"Haya, uninunulie zilobaki."

Mwandalizi wa tamasha alikuja mwenyewe kutoka Nairobi kuiona kazi. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu mlangoni, akasalimu vizuri, akanywa kahawa. Kisha akasema, "Dada, ni nzuri. Lakini Mombasa iko wapi hapa?"

"Si hiyo unayoitazama?"

"Namaanisha bahari. Mnazi. Mtu akiiona kwa mbali ajue."

Nikamwambia nimezaliwa katika mtaa huu, na sijapata kuanika nguo mnazini. Akacheka. "Sawa, wewe ndiye msanii." Maneno hayo niliyaamini.

Nikachapa rangi baada ya rangi, mama mdogo akilalamika kutoka ghorofani kwamba harufu ya wino imeingia hadi kwenye wali. Nikaweka sahihi, nikamkabidhi mwandalizi mzigo wote, nikaosha fremu kama tulivyoagana.

Siku ya tamasha tulikwenda alasiri, mimi na mama mdogo. Mambo ya roki hayajui, ila alitaka kuuona mkono wake mbele za watu. Mabango yalipangwa juu ya meza langoni. Nikakaribia, nikasimama.

Katikati ya weupe wangu ulikuwa umesimama mnazi. Umepigwa muhuri juu ya kazi iliyokwisha, unang'aa dhahabu, shina lake limekaa juu ya kamba na kuti moja limefunika vidole. Na chini yake jina langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mama mdogo akavaa miwani yake. "Nani kapanda mnazi kwenye kamba yangu ya nguo?"

Sikuweza kucheka. Nikamwendea mwandalizi.

"Tumeongeza kidogo tu," alisema. "Wadhamini walitaka. Na si wewe peke yako. Kisumu tumeweka samaki, Nakuru heroe, wale ndege wa ziwani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungekataa."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayetoa sababu nzuri. Na hapo hapo kijana mmoja aliyenunua nakala yake akaja akitabasamu. Alikuwa mtu wa bara, anafanya kazi bandarini. "Dada, wewe ndiye uliyechora? Huu mnazi umekaa vizuri sana!"

Nasifiwa kwa kitu pekee nisichokifanya.

Nikavuka barabara hadi dukani, nikanunua raba ya watoto wa shule. Nikarudi, nikakaa mezani, nikaanza kufuta sahihi zangu, karatasi baada ya karatasi.

"Unaharibu mali!" mwandalizi akapiga kelele.

"Mali ni yenu. Jina ni langu."

Akaja mbio kuninyang'anya. Mama mdogo akaingia katikati, buibui lake limetanda kama pazia. "Mwache afute. Ukitaka kumshika mwanangu, nishike mimi kwanza."

Hakuthubutu, mbele ya foleni ya wanunuzi. Watu wakauliza kuna nini, nikawaeleza huku nafuta. Yule kijana wa bandarini aliitazama nakala yake, akailaza mbele yangu. "Basi nifutie na hii." Wengine walikataa. Mwanamke mmoja aliikumbatia yake akaondoka haraka, sikumfuata, ameshanunua.

Zilizobaki ziliuzwa bila jina. Mwandalizi alieneza habari kwamba mimi ni mgumu kufanya kazi naye, na kazi moja niliyoahidiwa ikapotea. Msanii wa Kisumu alinitafuta kwa simu. "Wewe mnazi, mimi samaki," alisema, "na hata ziwa niliacha kulichora makusudi!" Tulikasirika pamoja, na hiyo ilinisaidia kidogo. Ya picha yangu halisi imebaki nakala moja ya majaribio, ina doa la wino pembeni. Mama mdogo ameitundika sebuleni.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili: zile chache zilizoponyoka raba sasa ndizo zinazosakwa, kwa kuwa zina sahihi. Juzi mgeni mmoja alibisha hodi, ameibeba moja ndani ya bomba la karatasi, akaniomba nithibitishe kwamba mwandiko ni wangu.

"Sahihi ni yangu," nikamwambia. "Picha si yangu."

Akafurahia nusu ya kwanza ya jibu langu, akashukuru, akaenda zake.